Nilimnyang'anya mume wangu fimbo mbele ya daktari

Wakuu, hamjambo humu ndani? Shikamoo zenu nimezipokea kwa mpigo, maana wengi wenu ni wajukuu zangu.

Nimesoma uzi wa kijana anayelalamika kwamba mdogo wake asiyetembea ameambiwa asafiri mbali akapimwe ulemavu, ndipo apate msaada. Nikakumbuka yangu. Ni ya miaka ya hamsini, kabla ya Uhuru, na siyo chai. Kama macho yangu yamekosea herufi mnisamehe.

Tulikuwa tunaishi Kyerwa. Mume wangu, Gozbert, alikuwa mchimbaji kwenye machimbo ya bati. Ndoa ilikuwa changa, hata mtoto hatujapata.

Siku moja mwamba ukashuka shimoni. Wenzake wawili hawakutoka. Yeye walimtoa hai, nyonga imevunjika na mguu wa kulia umepinda.

Akalala ndani miezi mingi. Kisha nyapara akaja na maagizo: Gozbert aende Bukoba, akaonwe na daktari wa serikali. Daktari akisema hawezi kazi, anaachiliwa na kupewa fidia. Akisema ni mzima, anarudi shimoni kumalizia mkataba wake. Asipokwenda kabisa atahesabiwa mtoro, na watoro walikuwa wanafungwa.

Wakuu, niliogopa lile shimo jamani. Gozbert mwenyewe, sufuria likianguka jikoni, alikuwa anajifunika kichwa kwa mikono miwili. Mtu wa namna hiyo umrudishe chini ya ardhi?

Tatizo likawa kufika. Leo mnapanda basi mnasinzia, mnaamshwa mmefika. Wakati ule kwetu gari halikuwepo. Ndugu zake wawili na majirani wawili wakafunga machela ya miti na kamba za migomba, wakampakia, tukashuka milima. Mimi nyuma na mzigo wa ndizi za kuchoma, fimbo yake ya kujikongojea, na kanzu yake nyeupe nimeifunga kwenye kitambaa isichafuke.

Kabla ya Nyakakika kuna mbuga ya majani marefu. Tulikuwa katikati, jua kali, wabebaji wakasimama ghafla. Simba jike alikuwa amesimama kwenye njia.

Wakaweka machela chini, wakakimbia. Siwalaumu, hata ndugu zake siwalaumu.

Gozbert akaniambia kwa sauti ndogo, "Kimbia, mke wangu. Mimi niache."

Sikukimbia. Msinisifu, haukuwa upendo. Miguu ilikataa. Nilisimama pale, naye analia kimyakimya kwa sababu hakuweza kuinuka mwenyewe. Yule mnyama akatutazama, akatutazama, kisha akaingia kwenye majani. Kutomwona ndiko kulikoniogopesha zaidi.

Wenzetu walirudi wakiwa na wafugaji wenye mikuki. Wafugaji wale wakatulaza kwao na kutupa maziwa. Mungu awabariki popote walipo.

Kayanga tukapata lori la kahawa. Majirani wakarudi nyumbani, ndugu zake wakapanda nasi. Tukamlaza juu ya magunia. Kila shimo la barabara alikuwa anauma kola ya shati asipige kelele. Ninyi mnaolalamikia matuta, haya.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana ni la watu wa kwetu hasa.

Kwetu mtu mzima hakubali kuingia kwa watu akiwa amebebwa. Anayebebwa ni mtoto au maiti. Na mbele ya mkubwa unakwenda safi, unasema uko salama, kulalamika ni kukosa adabu. Basi tulipofika kwenye lango la hospitali Gozbert akasema, "Niwekeni chini. Siingii mimi kama gunia."

Akavaa kanzu. Akashika fimbo. Akatembea kutoka langoni mpaka barazani, jasho linamchuruzika, anatabasamu. Daktari Mzungu alikuwa amesimama dirishani anamtazama.

Tulipoingia, dresa, yaani msaidizi wa daktari, kijana wa Kihaya, ndiye aliyekuwa anatafsiri.

"Daktari anauliza, hali yako?"

"Nzuri, waitu. Namshukuru Mungu." Waitu kwetu ni neno la heshima, kama kusema bwana.

"Umefikaje hapa?"

"Nimefika salama tu."

"Maumivu?"

"Ya kawaida, waitu. Kidogo kidogo."

Ndugu zake wakatazama sakafu. Mimi nikabaki nyuma yao, maana mke hakuwa anamkatiza mume mbele ya wanaume. Daktari akatikisa kichwa kukubali, akachukua kalamu.

Nikaliona lile shimo waziwazi, na Gozbert anashuka ndani yake na tabasamu lake la adabu.

Nikasogea. Nikaishika fimbo kwa mikono yote miwili, nikaivuta.

Akaanguka chini kwa kishindo. Safari hii alipiga kelele, zile zote alizozimeza njiani. Kanzu ikapanda, na kila mtu akauona ule mguu uliokonda na kidonda cha nyongani kilichofunguka na kuvuja damu kwa misukosuko ya lori.

Nikamwambia dresa, "Mwambie amebebwa kutoka Kyerwa. Mwambie huyu anasema uongo kwa sababu ana heshima."

Daktari akaweka kalamu chini. Wakamlaza kitandani, wakampima muda mrefu. Dresa alipotoka akasema, "Nendeni nyumbani, mama. Shimoni harudi."

Tukaanza kurudi. Tulipokaribia Kyaka Gozbert akanigeukia. "Umeniangusha mbele ya wanaume."

Nikamjibu, "Ndiyo, waitu. Wakikuita tena nitakuangusha tena."

Akageuza uso. Baadaye nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka huku analia.

Nilichojifunza ni hiki. Ukimpeleka mgonjwa wako akapimwe, usimpambe. Apelekwe kama anavyoamka nyumbani. Anayepima hajui njia mliyopita, anaona hatua zile chache za mwisho tu.

Haya, semeni. Nani humu amemsindikiza mtu wake kupimwa akamwona anajikaza mbele ya daktari? Ulifanyaje? Na wanaume mnaotaka kuniambia nilimdhalilisha mume, andikeni, nitasoma. Ila mjue kwamba watoto wetu wote walizaliwa baada ya siku ile.