Siku Sedrak Alipoacha Kichwa cha Meza

Kijijini Honadzor mtu aliweza kuzaliwa bila daktari, maana theluji ya mkoa wa Lori haijali gari la wagonjwa linakwenda wapi. Aliweza hata kufunga ndoa huku kasisi akiwa bado amekwama njiani. Lakini hakuna aliyeoa, aliyebatiza mtoto wala aliyezika mzazi bila Sedrak kukaa kichwani pa meza na kusema, "Jazeni glasi."

Sedrak alikuwa tamada, yaani mkuu wa meza. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kutengeneza matrekta, na matrekta hayo yalishakufa zamani, yakawa makao ya kuku. Utamada haukufa. Aliuanza akiwa na miaka ishirini na minane, kwenye harusi ambayo tamada mwalikwa alisinzia uso ukiwa ndani ya sahani ya jibini, kabla hata wazazi wa bibi harusi hawajatajwa. Mtu alimsukuma Sedrak mgongoni: "Wewe una sauti, simama!" Akasimama. Miaka thelathini na mitano baadaye alikuwa hajakaa.

Na meza yake ilikuwa na adabu kuliko bunge lolote. Hakuna aliyesema bila kuomba neno kwa tamada. Aliyepewa neno hakukatizwa, hata angetaja ng'ombe wote aliowahi kuwakamua. Glasi ikinyanyuliwa, kila mtu alinyanyua. Na tamada alikunywa wa mwisho, akiisha kuhakikisha kwamba hakuna mtu wala jambo lililosahauliwa.

Vuli ile wakaja watu wa Wakfu wa Kanch. Kwa kweli alikuja mmoja tu, Araksi, binti wa miwani kutoka Yerevan, na gari dogo lililojaa karatasi za rangi. Kazi ya wakfu huo ilikuwa kuwasaidia watu waamue mambo yao wenyewe, badala ya kukaa miaka wakimngojea mkubwa fulani wa mjini akumbuke kwamba wapo. Wakfu ungesaidia Honadzor kwa jambo moja kabla ya majira ya baridi. Jambo lenyewe walichague wanakijiji, mkutanoni, hadharani. Wasipochagua, msaada ungekwenda kijiji kingine.

Mkutano wa kwanza ulikuwa msiba usio na maiti. Araksi alibandika karatasi ukutani, akatabasamu, akauliza, "Nani ana maoni?" Watu themanini wakatazama viatu vyao. Watu waliofundishwa vizazi na vizazi kwamba mwenye maoni huandikwa jina hawafumbui midomo kwa sababu ya karatasi ya njano. Lakini walipotoka nje tu, wote themanini wakapiga kelele kwa pamoja hadi mbwa wakakimbia.

Araksi alisimama mlangoni, mikono kichwani. "Hakuna mtu anayeweza kuwafanya hawa waseme mmoja mmoja?"

Vidole themanini vilimwelekea Sedrak.

Basi akapewa uenyekiti na karatasi ya kutia saini: mwenyekiti haegemei upande wowote, wala hapigi kura. Sedrak alitia saini kwa mbwembwe, kama mtu anayesaini mkataba wa amani kati ya wafalme wawili. Alipofika nyumbani ndipo alipoona mfuko wa safari kando ya mlango.

Ulikuwa wa Nazeli, mke wa mwanawe Mher. Mher alikuwa Urusi akijenga nyumba za watu wengine, na tangu mke wa Sedrak afariki, nyumba ile ilikuwa na watu watatu: mzee, Nazeli na Mane wa miaka minne, ambaye kwa kelele alihesabiwa kama watu sita.

"Baba, nimekwambia tangu kiangazi," Nazeli alisema, akikunja lavashi, mikate myembamba, bila kumtazama. "Chumba cha chekechea hakina jiko la kupasha joto wala madirisha. Mtoto hana pa kukaa, mimi sina pa kufanyia kazi. Theluji ikianguka kabla hakijafunguliwa, mimi na Mane tunakwenda Vanadzor kwa mama. Kule kuna chekechea, na kiwanda cha kushona kinatafuta watu."

"Na mimi?"

"Wewe una kuku kwenye matrekta."

Mane akadakia, "Babu, nitakuachia sungura wangu mmoja. Yule kiwete."

Usiku Sedrak hakuusikia upepo, aliusikia mfuko. Kwa maana jambo la chekechea lilikuwa mojawapo ya mambo mawili yaliyopelekwa mkutanoni. La pili lilikuwa la jirani yake Razmik, mfuga nyuki, aliyetaka bomba la jiwe la maji ya kunywa pale uwanjani, kwa kumbukumbu ya marehemu baba yake, Hovsep. Kila kijiji cha maana kilikuwa na bomba la aina hiyo, na Honadzor ilikuwa na moja tu, ambalo mbuzi walilifanya lao.

Jumapili, baada ya ibada, ukumbi ulijaa. Araksi alikuwa amekataza kileo. Sedrak alimwangalia kwa huruma. "Araksi jan, mwanangu mpenzi, maumivu yako yawe yangu, bila glasi hawa hawatasema hata majina yao."

"Glasi sawa. Kilichomo ndani ndicho nakataza."

Basi wakajaza glasi mtindi wa chumvi. Na ajabu ikatokea. Sedrak aligonga meza kwa uma, akasema, "Neno ni la Razmik," na Razmik akanena. Akafuata mwalimu. Akafuata bibi Haykanush wa miaka themanini na tisa, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumuuliza chochote isipokuwa chumvi iko wapi, na ambaye alisema kwa dakika kumi na mbili juu ya baridi ya magoti ya watoto, na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Araksi aliandika mpaka kalamu ikaishiwa wino. Machoni pake palikuwa na unyevu.

Halafu wakafika kwenye kura.

"Wanaounga mkono bomba, kwa kumbukumbu ya marehemu Hovsep, wasimame," alisema Sedrak, na kwa mazoea ya miaka thelathini na mitano, mkono wake ukainua glasi.

Ukumbi mzima ukasimama. Marehemu ametajwa na glasi iko juu; nani atabaki amekaa? Wakanywa kimya bila kugonganisha, kama ipasavyo kwa wafu.

"Themanini na wawili," Araksi alihesabu, akishangaa. "Wote! Basi yamekwisha?"

"Bado la pili," alisema Sedrak. "Wanaounga mkono chekechea, kwa watoto wetu, wasimame."

Ukumbi mzima ukasimama tena, safari hii kwa furaha, glasi zikalia ngli-ngli, na mtu mmoja nyuma akaanza kuimba.

Araksi alivua miwani. "Jamani. Hamwezi kukubali yote mawili. Ni moja tu!"

"Kwa nini tusiweze?" Razmik alishangaa. "Tumeshayakubali."

"Lakini ni lazima mkatae moja!"

Bibi Haykanush akamwonea huruma msichana yule. "Mwanangu, nani aliyekulea? Mtu hukataaje glasi iliyonyanyuliwa kwa ajili ya watoto? Au kwa ajili ya maiti?"

Sedrak aliona aibu ikimpanda shingoni. Kosa lilikuwa lake. Alikuwa amewapa watu mdomo, kisha akawanyang'anya mkono.

Ndipo Araksi alipotafuta njia nyingine. Madebe mawili ya maziwa yaliwekwa nyuma ya pazia la jukwaa, moja la bomba, moja la chekechea, na kila mtu akapewa jozi moja, tunda la ganda gumu, ya kuangusha ndani. Mwanzoni walifanya kazi bure, kwa kuwa debe moja lilikuwa jembamba na jozi ikianguka lililia *ngong*, jingine likasema *pu*, na ukumbi ukaanza kutoa hukumu kwa sauti: "Aha, Zaven! Na jana ulikunywa kahawa kwangu!" Araksi akakimbia nyuma, akatandika sufu chini ya madebe yote, wakaanza upya. Safari hii hapakusikika kitu. Watu walitoka nyuma ya pazia nyuso zikiwa mpya kidogo, kama watoto waliokula asali peke yao kabatini.

Sedrak hakuenda. Jozi yake ilibaki mfukoni, akiizungusha kwa vidole.

Madebe yakamwagwa mezani mbele ya wote. Mwalimu akahesabu, Razmik akahesabu, Araksi akahesabu mara mbili.

Jozi arobaini na moja. Na arobaini na moja.

"Haiwezekani," alinong'ona Araksi. Alitazama saa. "Jioni nalazimika kupiga simu Yerevan na kuwapa jina la jambo moja. Nikikosa..."

Kila mtu alijua ni kijiji gani kingefuata kwenye orodha: kile cha ng'ambo ya bonde, ambacho watu wake, kwa maoni ya Honadzor, hawakujua hata kuchoma nyama.

Macho yakaanza kumgeukia Sedrak, ya mtu mmoja mmoja, mpaka wote themanini na wawili wakamtazama. Tamada hunywa wa mwisho. Naye hakuwa amekunywa.

"Msinitazame mimi," alisema. "Mimi siegemei. Nimetia saini."

"Naomba neno," ikasema sauti ya nyuma.

Ilikuwa ya Nazeli. Sedrak akajifanya anapanga jozi mezani.

"Tamada, naomba neno! Mara ya nne sasa. Umewapa wote. Umempa hata Zaven, aliyezungumzia meno yake. Mimi umenipita kila mara."

"Wewe ni wa nyumba yangu, binti. Nikikupa neno watasema napendelea."

"Kwa hiyo ili uonekane mwadilifu, mimi nikae bubu?" Alikuwa amesimama, na mashavu yamewaka. "Baba, haki gani hiyo? Mtu kuzaliwa jirani na kiti chako ni kosa? Uso wako umeutunza safi kwa kunifunga mimi mdomo!"

Ukumbi ulisema "Oooh" taratibu. Bibi Haykanush alipiga makofi mara moja.

Sedrak alitazama kiti chake. Kilikuwa kiti cha mbao cha kawaida, mguu mmoja umefungwa waya, lakini alikuwa amekikalia harusi mia mbili. Akafikiria mfuko kando ya mlango. Akafikiria sungura kiwete. Kumbe mtu anaweza kuwagawia wenzake neno nusu ya umri wake, na asiwe na neno lake hata siku moja. Na kumbe angeweza kuitumbukiza jozi ile kimyakimya, watu wakamsamehe, na kuanzia hapo kila kura ya Honadzor ikawa na harufu ya hila.

Akainuka.

"Jazeni glasi," alisema. "Nazeli amesema kweli, na neno lake liandikwe. Mimi kama tamada sina kura. Basi sitaki kuwa tamada."

"Wa leo?" aliuliza mwalimu.

"Wa siku zote. Mtu haachi kiti saa moja ili apate faida kisha akakirudia. Huo ni wizi wenye adabu." Alikiinua kiti, akakibeba hadi upande wa pili wa meza, akakiweka mbele ya Razmik. "Chukua. Wewe umeshapiga kura yako, hutapata nyingine."

Razmik aliangalia kiti kana kwamba kina nyuki. "Sedrak, umerukwa na akili? Mimi sijui kusema!"

"Hilo kijiji kizima kinalijua. Utajifunza."

Araksi alikuwa anapekua kijitabu cha wakfu kwa kasi. Kurasa arobaini, na hakuna hata mmoja uliowahi kumfikiria mtu anayeachia kiti kwa hiari yake. "Haikatazwi," alisema hatimaye. "Lakini mkutano ukubali."

Razmik akameza mate, akaketi, akagonga uma. Alikuwa na kila sababu ya kugoma; bomba la baba yake lilikuwa linaondoka mbele ya macho yake. "Nani... nani anakataa Sedrak apige kura?" aliuliza. Na safari hii, kwa sababu hakuna glasi iliyonyanyuliwa, mikono miwili ilipanda kukataa. Miwili! Hadharani! Araksi alifurahi karibu aikumbatie. Lakini iliyobaki chini ilikuwa mingi, na Razmik akasema kwa sauti iliyokauka, "Basi neno ni la Sedrak, mkazi wa Honadzor."

Sedrak hakwenda nyuma ya pazia. Aliitoa jozi mfukoni, ikiwa imepata joto la mwili, akaiweka mezani upande wa chekechea. "Kwa nafsi yangu," alisema, "mimi ni babu."

Jiko na madirisha vilifika siku nne kabla ya theluji. Mfuko wa Nazeli ulirudi juu ya kabati. Mane, aliyekuwa ameshamkabidhi babu sungura kiwete, alimdai, naye akarudishiwa. Bomba la marehemu Hovsep walilijenga wenyewe majira ya kuchipua, kwa mawe ya mtoni, na aliyekoroga saruji nyingi kuliko wote alikuwa Sedrak, huku Razmik akimsimamia na kumkosoa.

Kuhusu meza, Honadzor ililia. Razmik alikuwa tamada mbaya kupita kiasi. Kwenye ubatizo wa kwanza alizungumza juu ya magonjwa ya nyuki kwa nusu saa, glasi zikiwa hewani na mikono ikitetemeka, na hakuna aliyeweza kumkatiza, maana ndiyo sheria. Mwishoni kabisa mwa meza, karibu na mlango unaopitisha baridi, mzee mmoja alikuwa ameinua kidole.

"Subiri zamu yako, Sedrak!" alisema tamada. "Mbele yako yuko Nazeli."

"Nasubiri," alisema Sedrak, akamsogezea mkwewe glasi.