Maswali ya ubatizo, Mkolani

Wenye bahati tupo wachache! Leo nimepita maswali ya dhehebu la Wakristadelfia, Jumapili nabatizwa ziwani.

Niliingia na "Shikamoo mchungaji."

Mzee Masanja, muulizaji wao, akacheka. "Marahaba. Hapa hatuna mchungaji, sote ndugu. Kitabu cha maisha ya yule daktari mwanzilishi wetu umekisoma?"

"Mara mbili!"

"Meli yake ilipotaka kuzama, aliahidi nini?"

"Kuacha pombe."

(Hiyo niliahidi mimi, kwenye kivuko cha Kigongo, jamani!)

Mzee akanisahihisha:

"Aliahidi akifika salama hatatulia mpaka ajue ukweli kuhusu kufa. Wewe umetulia mno, mwanangu."

Tangu hapo kukaa siwezi, kusimama siwezi.

Mama yuko njiani kutoka Kisesa na jogoo wa sherehe.

Semeni, nani atampigia arudi?

Sikupita. Kitabu nilisoma jalada tu.