Koti Kwenye Kiti cha Sinema

Baba mdogo aliitwa kutoka ndani ya sinema kwa maneno yaliyotokea kwenye pazia, katikati ya picha. Akainuka, akatoka, na mpaka leo hajarudi.

Ilikuwa miaka ya foleni, bidhaa zilipoadimika. Alikuwa na duka la vitenge Kariakoo, na mwezi ule maduka mawili ya jirani yalikuwa yamepekuliwa, wenyewe wakachukuliwa kwa kushukiwa ulanguzi. Hata hivyo, Jumapili moja alitupeleka, mama mdogo mkewe na mimi, kwenye picha ya Kihindi karibu na Mnazi Mmoja.

Hakuna kati yetu aliyejua Kihindi. Mama mdogo, mzaliwa wa Kariakoo, aliielewa picha kwa kutazama vitu. Upepo ulipozima taa ya mafuta, alininong'oneza, "Mama yake steringi kishakufa." Ilipoonyeshwa shali imeachwa kwenye kiti kitupu, wanawake wa mbele wakaanza kulia, ingawa hatukuonyeshwa maiti wala jeneza.

Baba mdogo, mtu wa Kilimanjaro, aliguna. "Mimi naona taa imezimika. Waongeze mafuta."

Ndipo yakatokea yale maneno. Ilikuwa kawaida: ukimhitaji mtu aliye ndani, ulimwambia bawabu, naye fundi wa mashine akaandika kwenye kipande cha kioo na kukimulika juu ya picha. Mara nyingi ilikuwa habari ya mtoto mgonjwa. Safari hii aliitwa mwenye duka la vitenge wa mtaa wetu, aje mlangoni.

"Mzee, mke mkubwa kafika!" mtu akapaza sauti nyuma. Watu wakacheka. Kisha kicheko kikakatika.

"Usitoke," mama mdogo alisema. "Anayekutaka kwa heri angekutaja jina."

"Naitwa mlangoni, mama, siitwi kaburini." Alivua koti, akalilaza kwenye kiti. "Nishikieni nafasi."

Kwenye foleni ya sukari, jiwe au ndala moja ilitosha kukushikia nafasi, na hakuna aliyethubutu kuisogeza. Nasi tukakaa tukilinda kiti. Kijana mmoja alipotaka kukikalia nilimwambia, "Kina mwenyewe, anakuja." Mama mdogo hakutazama picha tena. Alilitazama lile koti, mpaka akanishika mkono ghafla, tukatoka kabla ya mwisho.

Bawabu alisema ujumbe uliletwa na dereva. Mwenye gari hakushuka. Baba mdogo hakushikwa wala hakusukumwa. Aliinama dirishani, akasema, "Shikamoo," akafungua mlango mwenyewe, akapanda.

Tulizunguka vituo vya polisi. Kote walisema hawana mtu huyo. Kwa shikamoo ile, mwenye gari alikuwa mkubwa kwake; wazee aliokuwa akiwaamkia mtaani tuliwajua, tukamfuata kila mmoja nyumbani kwake na kumuuliza. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na gari.