Gari Nyeupe Iliyolia Saa Kumi

Leo mwalimu wa fizikia alituuliza kwa nini maji yaliyofungiwa kwenye chombo yanachelewa kuchemka, na ukiyafungua ghafla yanaruka. Darasa zima liliinamia madaftari. Mimi jibu nililijua tangu nina miaka kenda, nililijua kwa pua na kwa masikio, lakini sikuinua mkono. Ndivyo nilivyo, rafiki yangu. Maneno yangu yanafika kooni, yanakaa pale, yanangoja mtu mwingine aseme. Basi nimerudi nyumbani, nimefungua daftari hili, nikuambie weye, kwa sababu weye huniangalii usoni.

Wakati ule tulikaa Mbunya, mtaa wa Bunia, nyumba ya mwisho kabla barabara haijashuka. Papa alikuwa amenunua gari nyeupe ya zamani, usukani upande wa kuume kama gari nyingi zinazotufikia kutoka Uganda. Aliipata kwa mjane mmoja wa Tchomia, kule ziwani. Marehemu bwana wake alikuwa mchuuzi wa samaki. Siku moja mtumbwi ulirudi pwani bila yeye, na ziwa halikumtoa tena. Viti vilinuka samaki wa moshi. Mama aliviosha kwa sabuni, akavisugua kwa majani ya mlimao, na bado mvua ikinyesha harufu ilirudi, kana kwamba mtu amekaa kiti cha nyuma anakula taratibu.

Harufu ningeizoea. Kulia ndiko kulikonishinda.

Papa alikuwa akirudi kazini saa kumi za mchana, anazima gari mbele ya jiko, anaingia kunawa. Sisi tunatwanga sombe, majani ya muhogo. Kwanza chuma kiligonga mara mbili tatu, kama kidole cha mgeni mlangoni. Halafu maji yakaguguma ndani. Halafu ikaanza: sauti nyembamba, ndefu, ya mwanaume anayeita mtu aliye ng'ambo ya maji. Mchi wa mama ulisimama hewani. Kuku waliokuwa wamelala chini ya gari walitoka. Hawakukimbia, walitembea tu, mmoja nyuma ya mwingine, wakaenda kujificha nyuma ya nyumba. Sauti ilipokatika, mvuke ukapanda kutoka kwenye boneti, mweupe, ukasimama kidogo kabla ya kupotea.

«Mwenye gari hakuzikwa,» mama jirani alisema kutoka upande wake wa ua. «Iko naita watu wake.»

«Yaya, acha kuogopesha watoto,» mama alimjibu.

«Siogopeshe mutu, miye. Niko nasikia tu.»

Wiki ile papa alisema ni joto tu, akawa anaongeza maji kila asubuhi. Lakini mama aliita wamama wa maombi. Walikuja na chupa ndogo ya mafuta ya zeituni iliyoombewa, wakaimba, wakapaka milango minne na usukani. Mkubwa wao alisema kitu kinacholia hupakwa kinywani. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mbabula, jiko letu la makaa, nikashangaa: mbona wanapaka milango? Kinywa cha gari kilikuwa mbele, kwenye radiateri, pale papa aliponywesha maji, palepale kilio kilipotoka. Nilitaka kuwaambia. Unajua tayari kwamba sikuwaambia.

Kesho yake asubuhi, gari ikiwa baridi, nilifungua kile kifuniko kama nilivyoona papa akifanya, nikamimina mafuta yote yaliyobaki kwenye chupa waliyotuachia. Nikaomba pia. Niliomba yule baba wa ziwani aonekane, apumzike. Kisha nikaficha chupa chini ya gunia la makaa. Saa kumi gari ililia zaidi ya jana.

Ndipo koko akapiga simu. Koko ni mama yake papa, aliyekaa Tchomia kwa dada yake. Alisema watu wa upande ule wanahama kwa sababu ya vita, wengine wanavuka ziwa, nyumba za jirani zimekwisha kufungwa. «Miye maji sivuke. Muje munichukue,» alisema, simu ikakatika. Mgongo wake haukuweza pikipiki. Ilibaki gari yetu, na gari yetu ingeweza kushuka, lakini kutoka ziwani kurudi Bunia barabara inapanda ukuta wa mlima, na siku zile pale mlimani, kwa hofu ya wenye bunduki, hakuna aliyesimamisha gari, hata kwa haja ndogo.

Papa alimwita fundi wa jirani, mtu wa Djugu aliyekimbia vita na funguo zake zote za ufundi ndani ya ndoo moja. Alikuwa mpole, aliongea na gari kuliko na watu. Alikuwa na msemo wake: «Gari haidanganyake. Mutu ndiye anaidanganyia.» Alifungua radiateri, akachovya kidole, akakitazama kwenye jua. Kidole kiling'aa.

«Muzee, mafuta iko mu maji.»

«Maana yake nini?»

«Joint ya culasse imekufa. Ile inatenganishaka maji na mafuta mu motere. Tunafungua yote, tunatafuta ingine Uganda. Wiki mbili.»

«Mama yangu iko nangoja kesho!»

«Kushuka utashuka. Kupanda, itakufia palepale pa mulima.»

Papa alikaa kwenye jiwe la kufulia. Sikuwahi kumwona hivyo, mikono imening'inia katikati ya magoti kama nguo. Mama alikuwa mlangoni, kanga mdomoni, na mama jirani ametokeza kichwa juu ya ua wake. Fundi alishika funguo kubwa, akaanza kutafuta boliti ya kwanza. Nami nikasimama pale na maneno yangu kooni. Nakuambia ukweli: sikuogopa kupigwa. Niliogopa watu wanne kunigeukia kwa pamoja. Nilimwona koko ameketi juu ya mzigo wake kwenye barabara isiyo na watu, na bado miguu haikutaka.

Boliti ya kwanza ililia ikilegea. Nikaenda kwenye gunia la makaa, nikarudi na chupa tupu, nikaiweka juu ya gari kando ya mkono wake.

«Hii ya nani?» fundi aliuliza.

«Yangu.»

«Ulifanya nayo nini?»

«Niliinywesha,» nikasema.

Fundi akachovya kidole tena, safari hii akanusa. Akavuta kijiti cha kupimia mafuta ya injini, akakipangusa, akakitazama: mafuta meusi, safi, hayakuchanganyika na maji yakawa meupe kama maziwa. Akakaa chini kabisa, akacheka hadi akashika ubavu.

«Siye tulitaka kumupasua mugonjwa tumbo, kumbe alikunywa tu mafuta ya salade!»

«Basi sasa iko gari mukristo,» mama jirani akasema kutoka uani.

Hakuna aliyenipiga. Mama alikwenda kuchemsha maji. Tuliosha radiateri mara tatu kwa maji ya moto na sabuni ya unga, mpaka povu likatoka bila mng'ao. Lakini ugonjwa wenyewe ulikuwa bado, ule uliokuwapo kabla yangu. Fundi aliwasha injini, akangoja mshale wa joto upande, akaniita nishike mipira miwili ya maji kwa kitambaa. Wa juu uliniunguza hata kupitia kitambaa. Wa chini ulikuwa baridi kama mguu wa maiti.

«Umeona? Maji iko nakatala kupita.»

Alingoja injini ipoe, akatoa kidude cha shaba, kidogo kuliko yai, wanachokiita calorstat. Ni mlango wa maji: maji yakipata moto, unajifungua. Tulikitumbukiza kwenye sufuria ya mama, juu ya mbabula, maji yakitokota. Tuliinama wote wanne tukikitazama kama watu wanaotazama kisima. Kingepaswa kufungua kinywa. Hakikufungua.

«Huyu ndiye,» fundi alisema kwa sauti ya chini. Alirudisha kila kitu bila kile kidude. Kwetu hakuna baridi ya kukihitaji. Kilio nacho alikionyesha: mpira wa kifuniko ulikuwa umepasuka, mvuke ulipenya pale kama pumzi kwenye filimbi. Alibadilisha mpira. Papa aliipandisha gari kilimani mara mbili, mshale ukakaa katikati. Saa kumi ile ilipita bila sauti, na niseme wazi, ukimya ule ulinitisha zaidi. Kuku hawakurudi chini ya gari.

Papa aliondoka alfajiri. Saa nane mchana alirudi na koko kwenye kiti cha nyuma, amekumbatia mzigo. Injini haikuchemka hata mara moja. Papa alikunywa maji vikombe vitatu. Koko ndiye aliyetuambia. Pale mlimani walizipita gari tatu zimesimama, boneti moja wazi bado inatoa mvuke, milango yote imefunguliwa. Viatu vya mtoto barabarani. Hakuna mtu hata mmoja. Katika gari ya mwisho redio ilikuwa inaimba. Papa hakupunguza mwendo.

Hatukujua kamwe ni gari za nani. Ile nyeupe papa aliiuza, fundi alikwenda kwenye machimbo ya dhahabu na ndoo yake, na nyumba ile ya Mbunya sasa wanakaa wengine. Koko aliishi nasi miaka mitano. Akichambua maharagwe alikuwa akiimba bila maneno wimbo mmoja, na tukimuuliza ni wimbo gani, anayainamia tena maharagwe. Mwaka jana tulimzika. Tangu hapo, mara nyingine nikiwa peke yangu jikoni, ninajaribu kuuimba. Unaanza chini, unapanda polepole, na mahali pamoja, daima palepale, unakatika. Yeye pia aliukatia hapo. Sauti ya redio ile ya mlimani ilimfikia hadi hapo tu, papa akawa amekwisha kupita.