Ubavu Uliofungwa kwa Kamba ya Mgomba

Siku ya kwanza kazini niliosha nyama mpaka ikawa nyeupe. Nilikuwa msichana wa Suguti, kwetu chakula ni samaki, na nyama ya ng'ombe tulikuwaga tunaiona Krismasi na kwenye misiba. Nikaikata vipande vidogo, nikavisuguasugua majini, nikajiona fundi. Mama mwenye nyumba, mke wa Bwana Mifugo pale Musoma, akachungulia karai, akashika kiuno. "Binti, nyama inaoshwa ikiwa pande zima. Ukiikata ndiyo ukaiosha, utamu wote umeumwaga uani." Hakunifukuza. Alinipa kisu akaniambia nianze na vitunguu.

Bwana Mifugo, kwa ninyi mliozaliwa juzi, ndiye mtumishi wa serikali aliyetibu ng'ombe. Wetu alikuwaga anasoma umri wa ng'ombe kwenye meno: anamfungua mdomo, anatazama, anataja miaka, kwisha. Kwake nyama haikuadimika sana. Vilivyoadimika ni vingine vyote, maana ile ilikuwa miaka ya maduka matupu, foleni unapanga na hujui kinachouzwa ni nini. Mafuta ya kupikia tukayasahau. Mama akanifundisha kuyeyusha shahamu, yale mafuta meupe ya ng'ombe: unayakatakata, unaweka maji kidogo, moto mdogo, maji yanakauka mafuta yanabaki. Hayo ndiyo niliyoungia, yaani nyama ikishachemka unairudisha kwenye mafuta na vitunguu. Mchuzi ule ilibidi uliwe ungali wa moto. Ukizubaa na maongezi, unaganda kwenye kaakaa.

Tulipohamishiwa Bunda, mambo yalishaanza kufunguka. Malori yakashusha madumu ya mafuta, nyanya za kopo, na bizari za kila rangi. Mama akanunua sufuria ya presha, ile inayopiga mluzi, nami nikawa naiwasha na kukimbilia nje. Inaivisha haraka, sikatai. Lakini nyama inaachana na mfupa kama wametukanana.

Kutoka Bunda nikapelekwa Butiama, kumpikia baba yake Bwana Mifugo, aliyekuwa amefiwa na mkewe. Yule mzee nilimpenda, nasema wazi. Alikuwa mkali, mwenye utani, na kila asubuhi aliniuliza kama samaki wa kwetu hawajambo. Meno yalikuwa yamemwisha. Siku ya kwanza nikamhurumia, nikamkatia nyama laini kama ya mtoto anayeachishwa ziwa, nikaipeleka mbele ya wageni. Akaisogeza pembeni kwa kidole. Hakula mpaka wageni walipoondoka.

Nilidhani ni kiburi tu. Jioni akaniita, akanieleza desturi ya ukoo wao. Wakikutana kuamua jambo, ng'ombe anachinjwa, na ubavu wa kwanza anapewa mkubwa wao. Anaung'ata mbele ya wote, na aliyeng'ata ndiye anayefungua maneno na kuyafunga. Mkubwa akishindwa kung'ata, ubavu unapita kwa anayemfuata, na kiti kinaufuata ubavu. Anayemfuata alikuwa mdogo wake, na huyo mdogo wake alishaelewana na wachimbaji waliotokea upande wa Buhemba, awaachie malisho ya ukoo wachimbe dhahabu. Katika malisho yale ndiko alikozikwa mama yao.

"Kikao ni Jumamosi," Mzee akasema. "Binti, mimi siogopi kufa. Naogopa kushindwa na ubavu."

Presha ingenipa nyama huku na mfupa kule, na mkubwa hapewi nyama isiyo na mfupa. Nikachukua ubavu mnene, nikaupaka maji ya papai bichi, maana papai bichi linalainisha nyama. Nikaufunga kwa kamba ya mgomba, nyama ishikane na mfupa, nikauweka kwenye chungu tangu alfajiri, moto wa kubembeleza. Ulipoiva sikuugusa. Niliuacha upoe ndani ya supu yake, ndipo nikafungua kamba na kuubabua juu ya makaa mpaka nje ukawa mkavu wa kahawia. Kwa macho ilikuwa nyama choma ya kuvunja taya. Nikaubeba mpaka kikaoni.

Wazee walikuwa wamekaa, mdogo wake Mzee keshanawa mikono kabisa. Mzee akaushika mfupa, akanitazama, akang'ata. Akavuta kichwa pembeni kama simba, nyama ikaja yote. Akatafuna taratibu, akameza, akafuta midomo.

"Ng'ombe huyu," akasema, "alikuwa kijana sana."

"Ndama, Mzee," nikajibu.

Bwana Mifugo, aliyekuja kikaoni na kumchagua ng'ombe mwenyewe na kumfungua mdomo, alijua ni bibi kizee aliyezaa mpaka akachoka. Alikohoa mpaka akatoka nje. Mzee akafungua maneno, na malisho hayakuchimbwa.

Nilimpikia mpaka alipofariki, akiwa bado kwenye kiti chake. Nikarudi Musoma, nikapikia nyumba nyingine mbili, hata magoti yakakataa kuinamia jiko. Sasa nakaa Buhare kwa mwanangu. Wanasema jungu kuu halikosi ukoko. Mimi umebaki ukoko mtupu, na meno mawili ya kuchekea. Mke wa mwanangu nilimfundisha kupika mwenyewe, nikimhadithia habari za Mzee, na nilimfokea kuliko Mama mwenye nyumba alivyonifokea mimi.

Pasaka iliyopita nyumba ilijaa wajukuu, kila mmoja na ubavu wake. Nikajiandaa kuletewa bakuli la supu, kama wazee wenzangu wanavyoletewaga. Mkwe wangu akaniwekea ubavu, mkavu wa kahawia, mkubwa kuliko wa wote. Nikaugeuza. Kwenye mfupa kulikuwa na uzi mmoja wa mgomba, umenata. Nikauficha uzi kiganjani, nikang'ata, watoto wote wananitazama.

"Ng'ombe huyu alikuwa kijana sana," nikasema.

Mkwe wangu hakuinua macho kwenye sufuria. "Ndama, mama."