Majiwe Chini ya Nyumba Yetu

Juzi bwana mumoja wa kusoma majiwe alishuka mu korongo nyuma ya nyumba yetu, hapa Kimanga. Akapapasa udongo, akaongelea mu mapua sawa padiri mwenye mafua: «Maman, huu mustari wa majiwe niliuona mu korongo ya ngambo pia. Iko ule ule. Mulima ilishuka siku moja, ikafunika pande zote.»

Nikakumbuka muchana moja, nikiwa mutoto, tuko tunachimba udongo wa kujengea hii nyumba, miye, mama na papa. Kulikuwa kunanuka mvua, radi inanguruma kule juu. Chini ya majiwe mama akatoa kipande cha nyungu, kingali na masizi.

Akamuonyesha papa: «Papa Furaha, tusijenge hapa. Bantu benye hii nyungu balifunikwa.»

Papa, kifua mbele: «Weye mwanamuke! Bazee balishatupangia majiwe ya fondasio, musingi wa nyumba!»

Nikapiga makofi. Nilizania kweli bazee balipanga yale majiwe kwa ajili yetu sisi. Papa akajenga palepale.

Basi juzi, yule bwana wa majiwe nikamupa kiti: «Ingia, mwanangu, ikala.»

Akaangalia mulima. «Non, Maman. Nitasimama huku inje.»