Saizi ya Mwisho

Lori letu lilianza kutoa moshi wa bluu mvua zilipokuwa zinaisha, alizeti ikiwa bado imesimama mashambani. Lilikuwa la kaka yangu. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani Utemini baada ya ndoa yangu kuvunjika, na tangu hapo tulikula kwa lori hilo: yeye kwenye usukani, mimi nikizunguka vijijini kutafuta mizigo.

Tulishusha injini, tukapeleka bloku, mwili wa injini wenye silinda, kwa fundi mchongaji, mzee mmoja asiyependa maneno mengi. Tulimwamkia, akaitikia, akaingiza vidole ndani ya silinda moja moja kabla hata ya kuchukua kipimo. Kisha akatueleza. Injini ilikuwa imeshachongwa na wenye lori waliotutangulia. Kila ukichonga, silinda inatanuka, inataka pistoni kubwa zaidi, na ukuta wake unazidi kuwa mwembamba. Silinda tatu zingetosheka na saizi inayofuata. Ya nne ilikuwa na mfereji uliochimbwa na ringi ya pistoni iliyovunjika, na mfereji ule ungefutika kwa saizi ya mwisho tu. Pistoni za saizi tofauti hazichanganywi, kwa hiyo silinda zote zingekwenda huko.

Ushauri wake ulikuwa tutafute bloku lingine, au silinda zivalishwe slivu, yaani bomba jipya la chuma ndani ya lile la zamani, kazi ambayo ingebidi ipelekwe Dodoma. Kaka aliuliza itachukua muda gani. Fundi akasema inategemea foleni ya huko, pengine hadi mavuno yapite. Wenye alizeti wangetafuta gari lingine, na msimu mwingine wasingetukumbuka.

"Chonga ya mwisho," kaka alisema.

"Ukishafika hapo hakuna pa kwenda tena, mwanangu."

"Nimekuelewa, baba. Chonga."

Fundi hakugusa chuma mpaka pistoni zilipofika kwa basi. Alipima kila moja, kwa sababu, alisema, kilichoandikwa kwenye boksi ni kimoja na pistoni yenyewe ni nyingine, na kila silinda huchongwa kwa pistoni yake. Siku ya kuchonga tulikaa tukitazama vumbi la chuma likidondoka. Kwenye silinda ya nne akazima mashine, akatuita, akamulika tochi. Ukutani kulikuwa na doa jeusi, dogo kama punje ya ulezi. Maji ya visima vyetu, yenye chumvi, yaliyotiwa kwenye rejeta, yalikuwa yamelila bloku kwa nyuma miaka yote hiyo, na pale ukuta ulikuwa karibu kutoboka. Fundi alisema atamalizia tukitaka, ila hawezi kutuahidi kitu.

Nilimwomba kaka tuache.

"Tukiacha, tunakwenda kufanya nini?" akaniuliza.

Kisha akamwambia fundi amalizie.

Injini iliwaka vizuri. Moshi haukuwepo, na kaka alizunguka lori akilisikiliza, mkono juu ya boneti, kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyepona. Tulibeba alizeti ya Ihanja, tukarudi, tukaenda tena. Nilianza kuamini.

Safari moja tukiwa tumejaza magunia, joto likapanda na moshi mweupe ukatoka nyuma. Kaka aliegesha pembeni, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imegeuka chai ya maziwa: maji yalikuwa yameingia. Akakifuta kwa shati lake, akakirudisha, akakichomoa tena. Chai ile ile. Mwenye mzigo alituma lori lingine, nasi tukasaidia kuhamisha magunia.

Fundi aliyapokea mabaki ya injini bila lawama. Ufa ulikuwa umeshuka hadi chini ya silinda. Slivu isingeshika tena, na saizi nyingine haipo. Bloku tuliliuza kama chuma chakavu, na bodi ya lori ikafuata baadaye.

Sasa kaka ni utingo kwenye lori la kijana ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuendesha. Wanakwenda Rungwa, kazi yake ni kufunga kamba na kuweka jiwe nyuma ya tairi gari likisimama mlimani. Kijana humwamkia shikamoo kila asubuhi, kisha humtuma.

Juzi rafiki wa kaka alikuja kumwambia kuna injini inauzwa Manyoni, imetunzwa, haijachongwa hata mara moja. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani. Aliporudi nilimuuliza anaonaje. Akasema amechoka, akaingia ndani kulala. Jua lilikuwa bado juu.